pH ya Nani? Kupima Uasidi Mahali Pasipotosha Hata Protoni Moja

Tuchukue kijisanduku cha maji safi ambacho kila upande wake una nanomita 100, takriban upana wa kirusi kimoja cha korona. Humo ndani mna molekuli za maji zipatazo milioni 33. Tukihesabu protoni huru, yaani zile ayoni za hidrojeni zinazofanya kitu kiwe asidi, kwa pH ya 7 tunapata 0.06. Ukipanga visanduku 17 vya aina hiyo, kwa wastani kimoja tu ndicho utakachokikuta na protoni moja, vingine vyote havina kitu. Hata hivyo zipo maabara, tena si chache, zinazochapisha pH ya nafasi ndogo kuliko hiyo kwa desimali mbili, zikitumia nanochembe za dhahabu au fedha na mwanga wa leza.

Je, hesabu ndiyo yenye makosa au ni maabara? Kwa maoni yangu hakuna iliyokosea, ila namba inayotoka kwenye leza si lazima iwe jibu la swali lililoulizwa. Taaluma hii imepiga hatua kubwa katika kupunguza ukubwa wa vihisi na kuongeza wepesi wao wa kuhisi. Ilikochelewa ni katika kueleza pH inayopimwa ni ya nani: ya kiowevu kinachoizunguka nanochembe, au ya uso wa nanochembe yenyewe.

Kipimo cha pH kilianzishwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, katika maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg mjini Copenhagen, alipokuwa akichunguza vimeng'enya. Kila pH inaposhuka kwa 1, ukolezi wa protoni huongezeka mara kumi. Ndiyo maana tofauti zinazoonekana ndogo kwenye karatasi ni kubwa katika uhalisia: kushuka kwa 0.3 ni sawa na protoni kuwa maradufu, na kushuka kwa 0.1 ni ongezeko la asilimia 26 hivi. Maji ya juu ya bahari za dunia yameshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1 tangu enzi za viwanda zianze, na wanaofuatilia matumbawe hawalioni jambo hilo kuwa dogo. Basi mtafiti wa nano anapoandika kwamba kifaa chake hukosea kwa 0.1 tu, maana yake ni kwamba hesabu yake ya protoni inaweza kupotoka kwa robo nzima.

Haja ya kupima katika nafasi ndogo kiasi hicho inatoka kwanza kwenye seli. Seli hai imegawanyika katika vyumba, na kila chumba kina uasidi wake. Ute wa ndani ya seli una pH ya 7.2 hivi. Lisosomu, vifuko vinavyosaga taka na chakula, vina 4.5 hadi 5. Ndani kabisa ya mitokondria pH inakaribia 8. Tofauti hizo hugharimiwa na seli kwa nishati. Ina pampu zinazosukuma protoni usiku na mchana ili pH za vyumba zisilingane. Chumba kinapopoteza pH yake, kazi yake husimama. Nje ya seli pia kuna la kuangalia: uvimbe wa saratani mara nyingi huwa na kiowevu chenye pH kati ya 6.5 na 6.9 pale ambapo mwili wenye afya una 7.4.

Elektrodi ya kioo tuliyoizoea maabara inataka chombo cha kuizamisha. Zimetengenezwa zenye ncha ya mikromita moja au chini yake, lakini hata hiyo ni sindano, na seli iliyochomwa sindano haiwi tena seli ile uliyotaka kuipima. Kwa hiyo kwa miongo mingi kazi hii imefanywa na rangi zinazong'aa: unaingiza molekuli ya rangi kwenye seli, unaimulika, na mng'ao wake unakuambia pH. Rangi hizi zimetupa sehemu kubwa ya tunachokijua. Lakini hufifia zikimulikwa muda mrefu, huvuja kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na wakati mwingine hukaa mahali ambapo mtafiti hakudhani.

Kisa cha klorokwini kinaonyesha uzito wa jambo hili, na kinatuhusu sisi moja kwa moja. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hukaa ndani ya chembe nyekundu ya damu, ambayo upana wake ni mikromita 7 hadi 8, na humeng'enya himoglobini katika kifuko chake chenye asidi ya pH 5 hadi 5.5. Mabaki ya umeng'enyaji huo ni sumu kwa kimelea, kwa hiyo kimelea huyageuza kuwa fuwele zisizokidhuru. Klorokwini ni besi dhaifu inayoweza kupokea protoni mbili, hivyo hujikusanya humo kwenye asidi na kuzuia fuwele zisijengeke. Kwa nadharia, kifuko kikizidi kuwa na asidi kwa kiasi cha pH 1, dawa inayojilimbikiza huongezeka mara 100. Usugu ulipoenea, Kenya ikaiacha dawa hiyo mwaka 1998 na Tanzania Bara mwaka 2001, na swali likawa: je, vimelea sugu vimebadilisha pH ya kifuko?

Watafiti waligawanyika. Kundi moja la Marekani lilitumia rangi ya akridini ya machungwa na kuona tofauti ya pH kati ya vimelea sugu na visivyo sugu. Kundi la Liverpool likajibu mwaka 2002 kwamba mgawanyo wa rangi hiyo ndani ya chembe iliyoambukizwa hauruhusu kusoma pH ya kifuko kwa uhakika. Mwaka 2006 watafiti wa Australia, kwa njia tofauti, wakaona kwamba pH ya kifuko haihusiani na usugu. Leo tunajua kwamba kiini cha usugu ni protini iliyobadilika, inayoitoa dawa nje ya kifuko. Miaka yote hiyo ya ubishi, wapinzani hawakuwa wakibishania kimelea peke yake, bali pia kama kihisi kilikuwa mahali kilipodaiwa kuwa. Nanochembe za metali hazikuwamo katika ubishi huo, ila swali lililoulizwa kwa rangi ndilo zinalopaswa kujibu nazo.

Nanochembe zina historia ndefu kuliko jina lake. Mwaka 1857, mjini London, Michael Faraday aliandaa vimiminika vyekundu vya dhahabu na kueleza kwamba wekundu ule unatokana na chembe za dhahabu ndogo mno zisizoonekana kwa hadubini yake. Mwaka 1908 Gustav Mie wa Ujerumani akaandika hesabu ya jinsi tufe dogo la metali linavyofyonza na kutawanya mwanga. Elektroni za dhahabu hucheza kwa pamoja zikipigwa na mwanga wa urefu fulani wa wimbi. Kwa chembe za nanomita 15 au 20 mchezo huo huwa na nguvu zaidi karibu na nanomita 520, kwenye kijani, na kwa kuwa kijani kimefyonzwa, kinachobaki kwenye jicho ni wekundu. Chembe mbili zikisogeleana sana, mchezo wao huungana na rangi huelekea bluu.

Namna ya kuzipika inafaa kuangaliwa kwa karibu. Myeyusho wa chumvi ya dhahabu, wa manjano hafifu, huchemshwa kwenye chupa iliyosafishwa kwa asidi kali, kisha hutiwa sitrati ya sodiamu, chumvi itokanayo na asidi ile ile ya ndimu. Umanjano unapotea. Kwa muda kidogo maji yanakuwa kama hayana rangi, halafu yanapata wingu la kijivu cheusi, na baada ya dakika kadhaa wekundu wa divai unajitokeza na kutulia. Njia hii ilielezwa na Turkevich na wenzake mwaka 1951, na hadi leo ndiyo mwanafunzi anaanza nayo. Hatari inakuja baadaye, anapoongeza molekuli ya kuhisi. Akizidisha au akiharakisha, wekundu unageuka zambarau, kisha bluu ya majivu, na mwishoni dhahabu yote inatua chini ya chupa. Kazi ya asubuhi nzima imekwisha hapo.

Baadhi ya vihisi hutumia rangi hiyo hiyo. Chembe huvikwa utando wa polima unaovimba au kunywea pH ikibadilika, au vipande vya DNA vyenye sitosini nyingi vinavyojikunja penye asidi, na umbali kati ya chembe ukibadilika rangi nayo inabadilika. Ni njia nzuri kwenye chupa. Ndani ya seli haina msaada mkubwa, kwa sababu huko chembe zina sababu nyingi za kukusanyika zisizohusiana na pH.

Njia iliyoshika uongozi ni nyingine, na mizizi yake iko Kolkata. C. V. Raman aligundua mwaka 1928 kwamba sehemu ndogo sana ya mwanga unaotawanywa na molekuli hurudi na rangi iliyobadilika kidogo, na mabadiliko hayo hutegemea jinsi atomu za molekuli zinavyotikisika. Kila molekuli ina sahihi yake. Tatizo ni udhaifu: takriban fotoni moja katika milioni kumi. Mwaka 1974 Fleischmann, Hendra na McQuillan, katika Chuo Kikuu cha Southampton, walipata ishara kubwa isivyotarajiwa kutoka molekuli za piridini zilizokaa juu ya fedha iliyokwaruzwa, na mwaka 1977 makundi mawili mengine yakaonyesha kwamba ukubwa huo unatokana na metali yenyewe kuikuza ishara. Ukuzaji huo hufifia haraka mno ukiondoka kwenye uso. Nanomita chache tu na umekwisha.

Kihisi cha pH kinachotokana na jambo hili ni rahisi kueleza kwa maneno. Chukua asidi ya 4-merkaptobenzoiki. Upande mmoja ina salfa, inayong'ang'ania dhahabu. Upande wa pili ina kundi la kaboksili linaloweza kushika protoni au kuiachia. Kwenye spektra kuna vilele viwili vikubwa vya pete ya benzini, karibu na 1080 na 1590 kwa kizio cha mawimbi kwa sentimita, ambavyo havijali sana pH. Kisha kuna kilele kipana karibu na 1400, kinachokua kaboksili zinapoachia protoni. Mtafiti hagusi ukubwa wa kilele kimoja. Anagawanya cha 1400 kwa kimoja cha vile vikubwa. Uwiano huo hautegemei idadi ya chembe zilizo mbele ya leza, na hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Mwaka 2004 Talley na wenzake walionyesha kihisi cha namna hii ndani ya seli hai, kikifanya kazi kati ya pH 6 na 8. Mwaka 2006 kundi la Naomi Halas katika Chuo Kikuu cha Rice, Texas, lilitumia chembe zenye kiini cha silika na ganda la dhahabu, likapata usahihi wa wastani wa 0.1 kati ya 5.8 na 7.6. Mwaka uliofuata Janina Kneipp na wenzake walifika mbali zaidi, wakisoma kati ya 2 na 8 kwa kuongeza mbinu ya fotoni mbili. Huko Scotland, watafiti walipitisha uzi wa kupitisha mwanga wenye maganda ya dhahabu kwenye ncha hadi ndani kabisa ya mapafu ya kondoo yaliyotolewa mwilini, wakasoma pH kwa usahihi wa 0.07 na kuiona ikibadilika mapafu yalipopulizwa hewa. Kwangu mimi hiyo ya mapafu ndiyo yenye dalili njema kuliko zote, kwa sababu inapeleka kihisi mahali ambapo hapakuwa na kipimo chochote.

Sasa turudi kwenye kijisanduku. Kama hakuna protoni, kaboksili zinahisi nini? pH si idadi ya protoni zilizokaa mahali kwa dakika fulani. Ni nguvu ya msukumo wa kuzitoa na kuzipokea. Protoni nyingi zaidi zimebebwa na bafa: fosfati, bikaboneti, protini. Kaboksili moja, hata kwenye pH 7, hubadilishana protoni maelfu ya mara kila sekunde, na chembe yenye upana wa nanomita 50 inaweza kubeba makumi ya maelfu ya molekuli kama hizo. Leza inayokusanya mwanga kwa sekunde moja inasoma wastani wa matukio mengi mno. Kwa hiyo swali la protoni 0.06 lina jibu, na jibu lenyewe ni la kuridhisha, maadamu kuna bafa ya kutosha na muda wa kusubiri.

Swali lisilojibiwa kirahisi ni la uso. Molekuli hiyo ikiwa huru kwenye maji, nusu ya kaboksili zake huachia protoni kwenye pH ya 4 na kitu. Ikipandwa juu ya dhahabu au fedha, nusu hiyo husogea hadi karibu na 6 au 7, na ndiyo maana vihisi vya Talley na Halas vinafanya kazi huko. Sababu ni msongamano. Kila kaboksili inayoachia protoni hubaki na chaji hasi, na majirani wenye chaji hasi huifanya inayofuata isite kuachia yake. Juu ya hapo, uso wenye chaji hasi huvuta protoni kutoka kwenye kiowevu. Kwa jotoridi la kawaida, kila milivolti 59 za uso hasi zinalingana na pH 1 pungufu kando ya uso huo. Ni sawa na mtu anayepima joto la chumba huku kipimajoto amekifumbata kiganjani: namba ni sahihi, ila kiganja kimo ndani yake.

Na kiganja hicho hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Katika kiowevu chenye chumvi kama damu, athari ya chaji hufunikwa ndani ya umbali usiofika nanomita 1. Katika maji yenye chumvi mara 150 pungufu, hufika nanomita 10. Kwa maana hiyo, kihisi kilekile, kwenye pH ileile, kinaweza kutoa uwiano tofauti kwa kuwa tu chumvi imebadilika. Kalisi ikiwepo hushikana na kaboksili. Protini za seli huivamia chembe na kuivika koti ndani ya dakika chache. Glutathioni, yenye salfa yake na iliyojaa ndani ya seli, hugombea nafasi juu ya dhahabu. Leza nayo si mtazamaji tu: ikiwa kali, hasa juu ya fedha, inaweza kuing'oa kaboksili kabisa, na kilele cha 1400 kikapungua kana kwamba asidi imeongezeka. Mtafiti asiyekagua vilele vinavyozaliwa na uharibifu huo ataandika kwamba seli imekuwa na asidi, kumbe ameiunguza molekuli.

Uzito wa suala hili ulionekana wazi mwaka 2018. Watafiti wa Virginia Tech walitia nanochembe hizi ndani ya matone ya hewani yenye upana wa mikromita 20 hivi, wakaripoti kwamba katikati ya tone pH ilikuwa juu kwa hadi 3.6 kuliko myeyusho uliozaa tone hilo. Kwa lugha ya protoni, pungufu mara 4000 hivi. Kama ni hivyo, kemia ya mawingu na ya moshi wa miji inahitaji kuandikwa upya. Lakini tone likikauka kidogo chumvi yake hukolea, chembe husogeleana, na uso wa dhahabu hubadilika. Jambo kubwa kiasi hicho haliwezi kusimama kwa shahidi mmoja. Linahitaji kihisi cha pili chenye kemia tofauti kabisa, kisicho na kaboksili wala dhahabu, na mpaka vyote viwili vikubaliane mimi nitaisoma namba ile kama dokezo la maana, si kama pH ya tone.

Sisemi haya kuibeza kazi hiyo. Kihisi kinachosema kwamba kifuko hiki kimekuwa na asidi zaidi kuliko dakika kumi zilizopita kina thamani kubwa, na kwa mabadiliko ya aina hiyo nanochembe za dhahabu ni za kuaminika kuliko rangi nyingi, kwa sababu hazififii na uwiano wake haubabaishwi na wingi wa chembe. Mahali penye shaka ni pale namba yenyewe inapochukuliwa kuwa kweli tupu na kulinganishwa na namba ya maabara nyingine iliyotumia chembe za ukubwa mwingine, chumvi nyingine na leza nyingine. Mara nyingi mkunjo wa ulinganishi hutengenezwa kwenye bafa safi, kisha unatumika kusoma ndani ya seli iliyojaa protini. Hapo hakuna hesabu itakayookoa.

Njia bora ipo, na haihitaji fedha nyingi. Seli zenyewe zinaweza kutiwa dawa kama nigerisini, inayosawazisha pH ya ndani na ya nje mbele ya potasiamu nyingi, na mkunjo ukachorwa papo hapo, chembe zikiwa zimeshavaa koti la protini. Wanaotumia rangi wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka mingi. Ewe mwanafunzi au mhakiki utakayeshika makala ya nanochembe na pH, kabla ya kuitazama picha ya seli yenye rangi nzuri, tafuta kwanza mkunjo huo na uangalie ulichorwa ndani ya nini. Ukikuta ulichorwa kwenye bafa tupu, wadai waandishi waurudie ndani ya seli.